Pedi ya Mpira kwenye Kitako cha Plastiki: Kabla Hujafungua Chupa ya Gundi

"Shikamoo mtaalamu. Niko Tabora, nina bunduki ya .375 H&H ninayoimiliki kwa leseni, yenye kitako cheusi cha plastiki kilichotoka nacho kiwandani. Mwishoni mwa kitako kulikuwa na mpira mwembamba, kama milimita 12, uliokwisha kuwa mgumu kama soli ya kiatu. Kila ninapokwenda kurekebisha shabaha, nikifika risasi ya tano sina tena hamu ya kuendelea, na mara ya mwisho nilikaa siku tatu nisiweze kuning'iniza begi bega la kulia. Ndugu yangu aliyeko Marekani ameniletea pedi nene ya milimita 25, lakini matundu yake ya skrubu hayalingani na ya kitako, na nilipoung'oa ule mpira wa zamani nikakuta ndani ni kutupu kama debe. Rafiki ananiambia nijaze povu la kopo, lile la kuzibia fremu za milango, kisha nibandike pedi kwa supagluu. Mwingine anasema nisiikaze bunduki begani, niache nafasi kidogo ili teke lipungue. Nifanye lipi?"

Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu katika ushauri uliopewa mmoja utakuumiza bega zaidi na mwingine utakuharibia kitako. Swali lako lina mambo mawili yaliyoshikana: teke la bunduki linavyofanya kazi, na namna ya kufunga kitu mahali ambapo skrubu haina pa kuuma. Nitaanza na teke, maana usipolielewa unaweza kuifunga pedi kwa ustadi wote na bega likaendelea kuuma.

Kaliba yako ya .375, yaani aina ya risasi inayotumia, ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na risasi yake ya kawaida ya nyati ina uzito wa gramu 19.4, ikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Pamoja nayo hutoka gesi ya baruti, gramu nne na nusu hivi, ikiwa na kasi kubwa kuliko ya risasi yenyewe. Hayo yote yanaposukumwa mbele, bunduki nayo husukumwa nyuma kwa kiasi kilekile. Bunduki ya kilo 4 pamoja na darubini yake hurudi kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde au zaidi kidogo, ikiwa imebeba nishati ya juli 50 na ushei, ambayo ni karibu mara mbili ya nishati ya bunduki ya .30-06, kaliba ndogo kuliko yako, yenye uzito wa kawaida. Kwa hiyo usijione legelege. Watu wengi hununua .375 wakiwa hawajawahi kupiga chochote kikubwa kuliko .308, na bega huwapa taarifa kwa njia hiyohiyo iliyokupa wewe.

Pedi haipunguzi nishati ambayo bunduki inarudi nayo. Inachobadilisha ni umbali na muda ambao bunduki inapewa ili isimame. Kijana anayeruka kutoka juu ya lori akatua kwenye sakafu ya saruji, na mwenzake aliyetua juu ya magunia ya pumba, wameanguka kutoka kimo kimoja. Aliyeumia ni yule ambaye miguu yake ililazimika kusimama papo hapo. Tukiweka namba za mfano, juli 53 zikizuiwa ndani ya milimita 20 za nyama ya bega, nguvu ya wastani inalingana na uzito wa kilo 270, lakini umbali huo ukirefuka hadi milimita 35 kwa sababu pedi imebonyea, inashuka hadi kilo 155 hivi. Katika hali halisi mwili huyumba nyuma na namba zote mbili hushuka, ila tofauti kati yake hubaki. Ndiyo maana mpira wako mgumu kama soli hauna msaada: haubonyei, na usipobonyea ni sawa na bamba la chuma.

Hapo hapo ndipo anapokosea anayekuambia uache nafasi begani. Ukiacha nafasi, bunduki hupata uwanja wa kukimbia kabla ya kukufikia, na ikifika imekwisha kupata mwendo wake wote, hivyo unapigwa kama kwa nyundo. Ukiikaza begani kwa mkono wa kulia na kuivuta kwa utulivu, uzito wa mwili wako unaungana na wa bunduki tangu mwanzo, na teke linageuka kuwa msukumo. Hili ulirekebishe leo, hata kabla ya pedi, kwa sababu halina gharama.

Sasa unene. Pedi ya milimita 25 mahali pa mpira wa milimita 12 inarefusha kitako kwa milimita 13, na hilo si jambo dogo. Umbali kutoka triga hadi mwisho wa kitako kwa bunduki nyingi za kiwandani ni kati ya milimita 343 na 350, na darubini yako imefungwa ili jicho likae umbali wa milimita 90 hivi kutoka kioo cha nyuma. Kitako kikirefuka jicho linarudi nyuma, nawe utaanza kuona kivuli cheusi kikizunguka ukingo wa picha; mtu huvuta shingo mbele ili kukiondoa, na siku atakapolala chini kupiga, darubini inampasua nyusi. Wawindaji wa nchi za baridi hupenda kitako kifupi kwa sababu ya makoti mazito. Wewe wa Tabora, mwenye shati la kaki tu, unaweza kuvumilia urefu zaidi, na ukiwa mtu mrefu huenda hata ukaupenda.

Usikisie, pima. Fungua bolti, yaani komeo la bunduki, toa risasi zote, kagua chemba inamokaa risasi kwa macho kisha kwa kidole, na uziweke risasi chumba kingine kabisa. Ishikize pedi mpya mwishoni mwa kitako kwa utepe wa karatasi, vaa nguo unazovaa porini, fumba macho, inua bunduki begani kama unavyofanya siku zote, halafu fumbua. Ukiona picha kamili ndani ya darubini bila kusogeza kichwa, urefu unakufaa. Ukiona kivuli, jaribu kwanza kuirudisha darubini nyuma kidogo ndani ya pete zake. Kukata kitako ni hatua ya mwisho, na kama maji yaliyomwagika, sentimita iliyokatwa haizoleki. Tena mkato ukipinda hata kidogo, ama kisigino cha juu ama ncha ya chini ya kitako itakuwa inachimba kifua kila unapopiga. Ikibidi kukata, mwachie fundi wa silaha mwenye msumeno wa meno madogo na kishikizo cha kuhifadhi pembe ya awali.

Ukisharidhika na urefu, tenganisha bunduki: mtutu na mitambo yake hutoka kwenye kitako kwa kulegeza skrubu mbili au tatu za chini. Chuma kifungie kabatini kwa ufunguo, nawe ubaki na kitako peke yake mezani. Kazi inakuwa salama, na vumbi la msasa haliingii kwenye bolti.

Kagua kitako chako ni cha nini, kwa kuwa "plastiki" ni jina la ukoo wenye watoto wengi wasiofanana. Kitako kilichotandikwa kwa mikono kwa faibaglasi na epoksi, kama vile vya McMillan, hukubali gundi ya epoksi vizuri sana na mara nyingi ndani kimejazwa. Chako, kwa kuwa ni cha kiwandani na kitupu, karibu hakika kimemiminwa kwenye kalibu, na huwa ama nailoni yenye nyuzi za kioo ama polipropilini. Mulika tochi ndani ya uwazi wa nyuma au kwenye mfereji wa mbele unakolala mtutu. Viwanda vingine huacha alama iliyochapwa, na herufi PA zina maana ya nailoni, PP polipropilini. Ukikosa alama, sugua sehemu ya ndani kwa msasa, ifute kwa spiriti, iache ikauke, kisha dondosha tone la maji. Tone likitandaa, gundi ina matumaini. Likijikunja na kusimama kama shanga, usitegemee gundi peke yake.

Nayasema haya kwa sababu nimeyalipia. Miaka yangu ya mwanzo nilibandika pedi kwenye kitako cha polipropilini kwa epoksi ya bei kubwa, nikamsifia mteja kazi yangu mwenyewe. Baada ya wiki mbili alirudi na bunduki mkono mmoja na pedi mkono wa pili, na ule uso wa gundi ulikuwa laini unang'aa kama kioo. Gundi haikukatika, haikuwahi kushika. Na supagluu ni mbaya zaidi, kwa kuwa ikikauka inakuwa ngumu na yenye kuvunjika, ilhali mahali unapoiweka patapigwa na kunyumbuka kwa kila risasi.

Povu la kopo nalo nikuombe uliache dukani. Hukauka kwa unyevu wa hewa, na ndani ya shimo refu lililozibwa sehemu ya katikati inaweza kubaki mbichi kwa siku nyingi huku ikiendelea kuvimba, nayo ina nguvu ya kutosha kupindisha kuta nyembamba za kitako. Likikauka vizuri litaondoa ule mlio wa debe, nakubali, lakini halina uwezo wa kushika uzi wa skrubu. Ukivuta kwa vidole tu inatoka.

Kinachohitajika ni kizibo cha mbao ngumu iliyokauka. Mninga unafaa sana na kwenu haukosekani. Weka karatasi juu ya mdomo wa kitako, sugua kwa penseli mpaka ukingo wa ndani ujichore, kisha chonga kipande cha kina cha milimita 50 kinachofuata umbo hilo, kikiwa kidogo kwa milimita moja au mbili pande zote ili epoksi ipate nafasi. Ukikuta mbavu za plastiki ndani, usizivunje. Toboa mifereji kwenye mbao ili zizame humo, maana zitasaidia kukizuia kizibo kisizunguke. Sindilia kipande cha sponji ndani zaidi ili gundi isitiririke hadi kwenye mkono wa kushikia. Kwaruza kuta za ndani kwa msasa namba 80, na kama ni polipropilini chimba vishimo na mikwaruzo mirefu kwa drili ndogo, ili epoksi ikikauka iwe imejifunga humo kama jino kwenye ufizi hata kama haikunata. Kwa kitako cha namna hiyo mimi huongeza skrubu ndogo mbili kila upande, zenye vichwa vilivyozama, kutoka nje kupenya hadi kwenye mbao. Wenye kupenda urembo hawazipendi, na mimi siwalaumu, lakini sijapata kuona kizibo cha namna hiyo kikitoka.

Paka epoksi ya kukauka polepole, si ile ya dakika tano, sukuma kizibo hadi uso wake uwe sawasawa na ukingo wa kitako, futa iliyofurika, na ukiache saa 24 bila kukigusa. Kesho yake paka uso wa mbao epoksi nyembamba ili usinywe maji ya masika. Kutolingana kwa matundu kumekwisha kukuhusu, kwa sababu sasa una mbao mpya isiyo na tundu lolote.

Kufunga pedi yenyewe kuna siri moja ndogo ambayo wengi huikosa. Ukiitazama pedi yako usoni pengine hutaona matundu ya skrubu, kwa kuwa yako upande wa nyuma, kwenye bamba gumu, na mpira wa mbele umeyafunika. Ingiza msumari butu kutokea nyuma mpaka uone mpira ukituna mbele. Hapo kwenye kilele chana kwa ncha ya wembe mkato mdogo, milimita tatu au nne, usizidi. Paka skrubu sabuni ya maji, isukume ipite kwenye mkato huo, na bisibisi yako nayo uipake sabuni. Iwe yenye shina la mviringo na laini, maana yenye kona itauchana mpira vipande. Toboa kwanza tundu la juu, milimita 3 kwa skrubu ya milimita 4, funga, linganisha pedi na kitako kwa jicho na kwa kidole, ndipo uweke alama ya tundu la chini. Kaza mpaka bamba likae, ongeza robo mzunguko, acha. Ukizidisha, bamba litapinda na kuacha upenyo katikati. Bisibisi ikitoka, mpira unajifunga na mkato hauonekani tena. Kazi hii huwa inanifurahisha hadi leo.

Je, uweke gundi pia kati ya bamba na kitako? Skrubu mbili zilizouma mbao nzuri zinatosha. Gundi itakutesa siku pedi itakapochoka, na kila pedi huchoka.

Pedi za Pachmayr na LimbSaver huuzwa zikiwa zimekatwa tayari kwa kitako fulani au zikiwa kubwa za kuchongwa na fundi, na kwa maelezo yako hiyo yako ni ya kuchongwa. Kwenye kitako cha mbao fundi huifunga na kuisaga palepale pamoja na mbao, halafu anapaka rangi upya. Kwenye plastiki njia hiyo ni marufuku, kwa sababu msasa ukigusa kitako utaacha kovu jeupe lisilofutika. Ifunge pedi, zungusha ncha ya sindano kwenye bamba ukifuata ukingo wa kitako, ifungue, kisha isage nje ya bunduki kwa mashine ya msasa hadi uguse mstari, ukianza na namba 60 na kumalizia na 120. Chini, kwenye ncha, pedi inatakiwa iendelee na mteremko wa kitako badala ya kushuka wima, na hapo ndipo fundi mwenye kishikizo maalumu anapomshinda mtu wa nyumbani. Mpira laini ukiulaza friza usiku kucha husagika kwa usafi zaidi. Vaa barakoa, hasa kama unagusa faibaglasi.

Ukiona yote hayo ni mazito, ipo pedi ya kuvisha kama soksi. Haihitaji skrubu wala gundi, unaivua ukitaka, na kwa anayetaka kujua tu kama pedi nene itamsaidia ningemshauri aanze nayo. Hasara yake ni kwamba huongeza urefu wote wa unene wake, na mara nyingine hunasa kwenye shati chini ya kwapa pale unapoinua bunduki kwa haraka, jambo ambalo mbele ya nyati si la kuchekea. Njia nyingine ni uzito: nusu kilo ya gololi za madini ya risasi zilizochanganywa na epoksi nyuma ya kizibo chako itapunguza nishati ya teke kwa takriban asilimia 11, ila bunduki itakuwa nzito nyuma na utaibeba siku nzima. Kifaa cha kufunga mdomoni mwa mtutu hupunguza teke kuliko vyote nilivyotaja, lakini mlio wake kwa wanaosimama pembeni ni wa kutisha, na mfuatiliaji nyayo wako hakuajiriwa kupoteza masikio. Kwa hali yako ningechagua pedi na mninga, na uzito ningeuacha kwanza.

Namna unavyorekebisha shabaha nayo ina lawama yake. Ukikaa mezani umeinamia bunduki, mwili hauna pa kuyumba na bega hubeba kila kitu. Pigia ukiwa umesimama kwenye miti mitatu ya kuegemeza bunduki, au weka mfuko mdogo wa mchanga kati ya kitako na bega, na usivuke risasi tano kwa siku.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Ukiona ufa kwenye mkono wa kushikia au pale kitako kinapopokea chuma, usipige tena hadi fundi wa silaha mwenye leseni akione. Na ikibidi kumwachia bunduki nzima, hakikisha kweli ana leseni hiyo, kwa kuwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haina mzaha na bunduki iliyoko mikononi mwa asiyehusika, hata kama ni seremala hodari. Kwa upande wa bega, michubuko ya siku mbili tatu ni ya kawaida, lakini ukishindwa kuinua mkono juu ya kichwa, ukihisi ganzi hadi vidoleni, au maumivu yakikuamsha usiku, nenda kwa daktari kabla ya kurudi uwanjani, nawe umwambie bayana kwamba chanzo ni bunduki.

Baada ya kuirudisha bunduki pamoja, kaza skrubu za mitambo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu chake, kisha urekebishe shabaha upya, kwani kuitenganisha pekee kunaweza kuhamisha mahali risasi inapotua. Kagua skrubu za pedi baada ya risasi kumi za kwanza. Na unapoihifadhi, usiisimamishe juu ya pedi: uzito wake utaubonyeza mpira miezi yote ya mapumziko, na mafuta ya kusafishia yatateremka hadi humo na kuuvimbisha. Dawa ya mbu yenye DEET nayo huweza kuharibu baadhi ya plastiki na mipira, kwa hiyo ukijipaka jioni kambini, nawa mikono kabla ya kushika kitako.